Safu ya Marehemu Ilikuwa na Joto

Nyumba yangu ya data ilikuwa inakula umeme ambao hakuna mteja aliyekuwa anautumia. Dhoruba ya vumbi ilikuwa imefunika Mirihi yote, paneli za jua zilikuwa zinaleta robo ya kawaida, na mimi nilikuwa na mwizi ndani.

Mwenyekiti wa kitongoji chetu, Nasieku, alikuja mwenyewe badala ya kutuma ujumbe. Nikajua hakuna heri. Alisimama mlangoni bila kukaa.

"Mihambo, betri haziwezi tena. Kabla ya Jumapili uzime safu moja."

"Ipi?"

"Wewe ndiye unayejua kilichomo."

"Sijui kilichomo. Kutojua ndiko kunakoniweka mjini."

Hakucheka. Nikampitisha katikati ya seva aone anachoniomba. Nyumba yangu iko ndani ya pango lililochimbwa na volkano zamani, na ina safu nne za mashine nilizozing'oa kwenye meli iliyoanguka bondeni. Nilikuja hapa kama mchomeleaji. Biashara niliiona pale mtoto wa jirani alipougua, tukaituma picha ya mapafu yake Duniani ikachambuliwe. Ujumbe unachukua karibu dakika ishirini kufika, kule unapanga foleni, kisha unarudi. Jibu zuri lilikuja, na mtoto alikuwa ameshafungwa sanda. Tangu hapo watu walikubali kwamba hesabu zetu tuzifanye hapa hapa, na vitu vyetu tuviweke hapa hapa. Nakala Duniani hatuna. Kampuni za kule zinatoza kila neno linalopanda.

"Ya kwanza ni zahanati na hewa," nilimwambia Nasieku. "Ukizima hiyo tuagane kabisa. Ya pili ni maji."

"Ya tatu?"

"Shule. Misimu yote ya mashamba, mbegu ipi iliota wapi na ipi ilioza. Picha za watu. Sauti za mama zao."

"Si naweza kuzima wiki mbili, halafu ukawasha?"

"Nje ni baridi inayopasua chuma. Mashine hujipasha joto kwa kufanya kazi. Ukiizima kabisa, asubuhi unakuta diski zimepasuka kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Kuzima ni kuua, Mwenyekiti."

Akageukia safu ya mwisho. "Na ya nne?"

"Msiba."

Hapo hakuuliza zaidi. Paa la handaki jipya lilikuwa limeporomoka na kuua watu watano kwa pamoja, na hifadhi zao zote nilikuwa nimezihamishia safu ya nne. Desturi yetu ni kwamba hifadhi ya marehemu haifunguliwi mpaka arubaini. Siku hiyo ndugu wanakaa, wanagawana: huyu achukue sauti, yule achukue kazi aliyoiacha, na yale ya aibu yafutwe bila kusomwa. Tulishawahi kubishana kama tuhesabu siku za Duniani au za hapa. Tukakubaliana za hapa, kwa kuwa hapa ndipo walipofia.

"Safu ya nne imelala," nikasema. "Haili kitu zaidi ya kujizuia isigande." Nikaweka kiganja kwenye mlango wake ili nimwonyeshe.

Ulikuwa na joto.

Niliondoa mkono, nikaufuta kwenye suruali kama mtu aliyeshika vumbi. Nasieku sikumwambia kitu. Alipoondoka nikaifungia mita safu ile. Marehemu watano walikuwa wanakula umeme sawasawa na safu ya tatu nzima.

*

Mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa Desideri Mushobozi, na sikuwa na haja ya kufikiria wa pili.

Alishuka na meli iliyopita, wakala wa wawekezaji wa Duniani. Mara tatu alitaka kuninunua, mara tatu nikamwambia nyumba hii haiuzwi. Lakini kilichonikaa kooni ni jinsi alivyokuja msibani. Hakuwajua marehemu hata mmoja. Hata hivyo alipeleka rambirambi kwa kila familia, akakaa matanga kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, akavua viatu, akala makande na wafiwa. Nilijiuliza tangu siku ile anatafuta nini.

Nilimkuta mgahawani, shati limenyooka. Hapa kila nguo ina kutu ya vumbi. Ya kwake haikuwa nayo.

"Mzee Mihambo! Karibu chai."

"Sikuja kunywa chai. Safu yangu ya nne ina joto."

"Pole. Itakuwa feni."

"Nimesema imeharibika? Nimesema ina joto."

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nikushauri kama mfanyabiashara mwenzako? Zima ya tatu. Watoto watalia wiki moja, kisha watapiga picha nyingine. Marehemu hapigi picha nyingine."

"Nani amekwambia natakiwa kuzima?"

"Kitongoji kidogo hiki, mzee. Ukipiga chafya kwako, kwangu naambiwa pole."

"Mbona mimi sijaambiwa unachokifanya wewe?"

Alitabasamu kwa meno tu. "Hujauliza."

"Basi nauliza."

"Basi nanywa chai," akasema, akainua kikombe.

*

Nilikwenda chumba cha pampu kwa Lugendo. Yeye ndiye aliyefiwa na mkewe Agripina, dereva wa mashine ya kuchimba siku paa lilipoanguka. Lugendo ni Mluguru, mimi ni Mnyamwezi. Utani wetu tuliukuta, hatukuuanzisha sisi. Nilipoingia alianza yeye, kama siku zote.

"Mnyamwezi! Babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani, wewe umebeba picha za watu mpaka Mirihi. Ukoo wenu hautui mzigo?"

"Na babu yako alijificha mlimani akila ndizi mbichi, anachungulia babu yangu akipita bondeni na mali. Leo umejificha nyuma ya pampu."

Alicheka, lakini macho hayakushiriki. Alikuwa amekonda.

"Mtani," nikasema, "nifungulie hifadhi ya Agripina. Dakika tano."

"Arubaini bado."

"Najua. Kuna mtu ameingia mle."

"Hakuna aliyeingia."

Alijibu haraka mno. Mtu anayeambiwa kwamba kuna mwizi katika vitu vya mkewe huuliza nani, huuliza lini. Huyu alirudi kwenye pampu yake na kukaza nati ambayo ilikuwa imekaza tayari.

"Umejuaje kwamba hakuna?"

"Wewe ni mtani, Mihambo. Si mjomba wake. Utani una mpaka."

"Msibani hauna. Mtani ndiye anayeruhusiwa kuvaa viatu vya marehemu na kucheza navyo mbele ya wafiwa." Nikamsogelea. "Na kitu kingine. Kwa nini hamjawazika? Wote watano wamelala kwenye chumba cha baridi mpaka leo."

"Dhoruba."

"Dhoruba iko nje. Kaburi linachimbwa ndani ya pango. Wiki hii tumechimba choo."

Akaweka spana chini taratibu. "Toka," akasema. "Toka kabla sijakuita jina ambalo si la utani."

*

Nina ufunguo wa dharura wa kila hifadhi. Ni wa kutumia moto ukizuka tu. Sijawahi kuutumia, na watu wanaweka vitu vyao kwangu kwa sababu wanajua sijawahi. Amana huifungui. Hata ikinuka, unamwita mwenyewe, mnainusa pamoja. Nilijua hivyo, na nilijua kwamba nikimwambia Nasieku kabla ya kuwa na hakika, nitakuwa nimewatuhumu wafiwa watano kwa sababu ya mlango wenye joto.

Nilisimama mbele ya safu ya nne, nikasema kwa sauti, kama mjinga, "Agripina, mimi mtani. Navaa viatu vyako." Kisha nikaifungua.

Vitu vyake vyote vilikuwa vimesukumwa kwenye pembe moja: picha, nyimbo za kwaya, michoro ya handaki. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa imejaa kazi moja kubwa ya hesabu, inakimbia kwa nguvu zote, imefungwa kwa namna ambayo sikuweza kuona ndani. Nikafungua hifadhi ya pili. Hivyo hivyo. Zote tano. Ilikuwa ni kazi moja, imekatwa vipande vitano.

Wala hapakuvunjwa kitu. Mlango wa Agripina ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo wa Lugendo mwenyewe.

"Umeona sasa," sauti ikasema nyuma yangu.

Lugendo alikuwa amesimama mlangoni. Mushobozi alikuwa naye, shati limenyooka vilevile.

"Nieleze," nikamwambia Lugendo. "Huyu atangoja."

"Anajilipia nauli," akasema.

"Nani?"

"Agripina. Anarudi nyumbani."

Akakaa chini, mgongo kwenye mashine, na joto lake likampata mgongoni. Aliongea akiangalia mikono yake. Kwao, mwanamke ni wa ukoo wa mama yake. Shamba ni lao, kaburi ni lao. Siku Lugendo alipomchukua Agripina kule kijijini kwao Kinole kuja naye huku, mjomba wake alisimama mbele ya watu akauliza swali moja: utamrudisha? Lugendo akasema atamrudisha. Kusafirisha maiti hadi Duniani ni gharama ambayo kitongoji chetu chote hakiwezi hata kikijiuza. Mushobozi akaja matangani, akazungumza na wafiwa mmoja mmoja: niazimeni chumba cha marehemu mpaka arubaini, hakuna atakayekigusa, kazi yangu ikiisha meli inawachukua wote watano. Masharti yalikuwa mawili tu. Kazi imalizike, na mdomo ufungwe.

Nikamgeukia Mushobozi. "Kazi ya nani?"

"Ya mteja."

"Mtu habebi mahindi yake kwenda kuyasaga nchi ya mbali na kwa jirani kuna mashine. Akifanya hivyo, ujue mahindi yana maneno. Duniani kuna kompyuta kubwa kama miji. Huyu amekuja kujificha kwenye pango, nyuma ya maiti. Anahesabu nini?"

"Sijui."

"Usinifanye mtoto."

"Sijui, mzee. Hapa hakuna sheria ya Dunia wala mkaguzi, na baridi ni ya bure. Wapo watakaolipa sana kwa hayo, na mimi nalipwa nisiulize." Akaziangalia safu zangu moja baada ya nyingine. "Kama wewe. Uliniambia mwenyewe siku ya kwanza nilipofika, ulijivuna nalo: sijui kilichomo. Mimi na wewe tunafanya biashara moja."

Lilinichoma, kwa sababu halikuwa uongo.

"Amana yangu haili umeme wa watoto," nikasema.

"Ilikuwa haili mpaka dhoruba ilipokuja. Dhoruba sikuileta mimi."

"Ipunguze kasi. Itumie nusu ya umeme."

"Ikichelewa kupita siku ya meli, mteja hatoi kitu. Ni yote au hakuna."

"Na hiyo meli itawabeba kweli? Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini? Iko njiani, na vumbi limekata mawasiliano. Utaniamini au hutaniamini."

"Sikuamini."

"Najua," akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. "Ndiyo maana sikuja kwako. Nilikwenda kwao."

Lugendo aliinuka, akaja mpaka karibu yangu. Tangu nimjue hakuwahi kuniomba kitu bila kunitukana kwanza.

"Mihambo. Zima ya tatu. Picha zangu na Agripina ziko mle, zote, hata za harusi. Nazitoa. Chukua picha, niachie mwili."

Ningekuwa natoa za Lugendo peke yake, ningezitoa. Lakini mle kulikuwa na picha za nyumba zote, na masomo ya watoto waliokuwa hawajui shule nyingine. Kulikuwa na kila mbegu tuliyowahi kupanda, na bila hiyo msimu ujao tungepanda kwa kubahatisha, na hapa kubahatisha chakula ni kufa polepole. Nilifikiria kupeleka jambo kikaoni. Nikaona kikao chenyewe: wafiwa watano upande mmoja, wazazi upande mwingine, na baada ya hapo tuendelee kuvuta hewa moja. Nikasema bora wanichukie mimi mmoja.

Nitasema na lingine, maana lilikuwemo. Nilisaidiwa na kutomwamini Mushobozi. Nilimtazama shati lake nikajiambia hakuna meli, hakuna nauli, huyu amewauzia wafiwa hewa, na kwa hiyo ninachokizima si kitu. Ilikuwa rahisi kuzima kitu kisichokuwepo.

"Mtani," Lugendo akasema.

Nikaisimamisha kazi. Hifadhi moja, ya pili, mpaka ya tano. Feni za safu ya nne zilipungua sauti, zikanyamaza. Mushobozi aliangalia saa yake, akaniambia asante kwa muda wangu, akatoka. Lugendo alibaki ameweka kiganja kwenye mlango ule mpaka ulipopoa.

*

Safu ya tatu haikupoteza hata herufi moja. Nasieku alinishukuru mbele ya kikao kwa kupata umeme ambao hakuna aliyejua ulikokuwa. Hakuuliza ulitoka wapi. Nadhani alikwishaambiwa.

Kila mtu alikwishaambiwa. Wafiwa walikuja kwanza kuchukua vitu vyao, hawakungoja hiyo arubaini. Kisha wakaja wengine ambao sikuwakosea kitu. Mwalimu aliyefundisha watoto niliowaokolea masomo alihamisha hifadhi yake binafsi, akaniambia bila kunificha, "Ulifanya vizuri, Mzee Mihambo. Lakini ulifungua."

Meli ilitua dhoruba ilipokwisha. Nilikuwa kwenye kikosi cha kupakua. Nyuma ya matangi na magunia ya mbolea tulikuta masanduku matano marefu ya chuma, yamefungwa kwenye sakafu kwa mikanda mipya, kila moja na mfumo wake wa baridi. Juu yake yalikuwa na majina. Kwenye moja palikuwa pameandikwa Agripina, na chini yake, Kinole.

Mushobozi alikuwa amesimama pembeni anapokea seva zake mpya, maana alikuwa ameamua kufungua nyumba yake mwenyewe. Alinitazama nikisoma. Afadhali angesema.

Kazi ile ilikuwa ya nini, mpaka leo sijui. Pengine ilikuwa ya ubaya, nikazuia ubaya. Pengine mtu alikuwa anatafuta dawa.

Tuliwazika kwenye pango la kaskazini. Lugendo aliandika kwa mjomba, na jibu lilipokuja alilisikiliza akiwa peke yake pampuni. Hakuniambia lilisema nini. Siku hizi tukikutana ananiita Bwana Mihambo, ananipisha njia kwa adabu kubwa.

Kabla ya meli kuondoka nahodha, ambaye hakuruhusiwa kubeba maiti ambao nauli yao haikulipwa, alikataa pia kurudi na masanduku matupu. Safari yake yote ilikuwa imepigiwa hesabu pamoja na uzito wa watu wale, na familia ndizo zilizokuwa zimempa uzito wenyewe, kwa kila mmoja, kupitia kwa Mushobozi kabla vumbi halijakata mawasiliano. Akataka uzito huo huo ndani ya kila sanduku. Hatukuwa na cha kutia ila mawe. Nilileta mizani. Wafiwa walipakia wenyewe, hawakutaka mkono wangu. Mimi nilisoma namba tu.

Kitwana, kilo sabini na nne. Nuru Semkiwa, hamsini na nane. Bakilana, themanini. Otaigo, sitini na sita. Agripina, sitini na moja. Kilo mia tatu thelathini na tisa za mawe, zikaenda nyumbani.